Siku ya Kawaida Katika Bunge la Kaunti



Bunge la kaunti hupata nafasi kubwa kwenye taarifa za habari pale wawakilishi wadi wanapotaka kumng'oa gavana. Siku hiyo wanahabari hujaa langoni, polisi huongezwa, na hata mtu asiyejua wadi yake inaitwaje hufuatilia hesabu ya kura. Ndivyo ilivyokuwa Embu mwaka 2014, Martin Wambora alipokuwa gavana wa kwanza kuondolewa na Seneti, ingawa mahakama ilimrudisha kazini baadaye. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2020, Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi walipopoteza viti vyao, na Meru mwaka 2024 kwa Kawira Mwangaza. Leo nayaweka hayo kando. Nataka tuketi pamoja kwenye galari ya umma siku ya Jumatano ambayo hakuna kamera hata moja, maana ni katika siku kama hiyo panapoamuliwa kama serikali itafika kijijini kwako au itaishia makao makuu ya kaunti.

Siku ninayoieleza si ya kaunti moja. Ni mtiririko unaofuatwa katika mabunge yote 47, tofauti zikiwa ndogo ndogo. Mengi yao huketi Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, kisha Alhamisi alasiri. Siku zilizobaki ni za kamati, na za kurudi wadini.

Saa nane unusu kengele inalia. Askari wa bunge anaingia amebeba siwa, Spika anafuata, makarani nyuma yake. Watu wote wanasimama. Siwa ikishawekwa mezani, bunge limekaa rasmi. Inasomwa dua. Halafu Spika anatupa jicho huku na huku kuona kama akidi imetimia, yaani theluthi moja ya wajumbe. Isipotimia, kengele inapigwa tena. Isipotimia hata baada ya hapo, kikao kinaahirishwa, na mzee aliyepanda matatu alfajiri kuja kusikiliza mswada unaohusu soko lake anarudi nyumbani mikono mitupu. Nakuomba ulikumbuke hili la akidi, kwa sababu tunapoulizana mwakilishi wetu amefanya nini, swali la kwanza na rahisi ni hili: alikuwepo?

Baada ya dua huja mawasiliano ya Spika, ujumbe kutoka kwa gavana au Seneti, na makaratasi ya kuwekwa mezani. Hapa wageni wengi husinzia. Kiongozi wa Wengi anasimama, anainama kidogo, anataja jina la ripoti, anaketi. Imekwisha. Lakini katika makaratasi hayo umo mwaka mzima wa kaunti yako. Kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefikishwa bungeni. Kufikia tarehe 28 Februari uje waraka wa mkakati wa fedha. Kufikia tarehe 30 Aprili yaje makadirio ya bajeti, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yameidhinishwa. Mtu anayelalamika mwezi wa Agosti kwamba barabara ya kwao haimo kwenye bajeti amechelewa takriban mwaka mmoja, na hakuna aliyemwambia.

Yapo pia maombi ya wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga sheria mpya au kufuta iliyopo. Si lazima uwe na wakili wala chama. Wachuuzi wakiandika, wenye bodaboda wakiandika, mama anayetaka chekechea ya kijijini ipate mwalimu akiandika, ombi lile husomwa mbele ya bunge zima, hunakiliwa kwenye Hansadi, na hupelekwa kwa kamati ambayo ni lazima ilete majibu. Mimi naiona hii kuwa mojawapo ya milango mipana kabisa ambayo katiba ya mwaka 2010 ilitufungulia, na inaniuma kuona namna tunavyoipita na kwenda kungoja kwenye ukumbi wa ofisi ya mheshimiwa ili tumweleze shida zetu faraghani, mahali ambapo hakuna anayeandika chochote.

Taarifa nazo zina uzito wake. Mwakilishi wadi anasimama kumtaka mwenyekiti wa kamati ya afya aeleze kwa nini zahanati fulani haina dawa, au kamati ya maji ieleze kwa nini kisima kilichimbwa kikaachwa bila pampu. Mwenyekiti huahidi jibu baada ya wiki mbili, na baada ya wiki mbili huomba wiki moja zaidi. Spika mwenye msimamo hukataa. Hapo ndipo utakapojua kama bunge lako lina Spika.

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Kwenye ratiba ya shughuli, chini kabisa, baada ya hoja mbili tatu, yaweza kuandikwa: Mswada wa Vijiji, Kusomwa Mara ya Pili. Au: Hoja ya Kuidhinisha Hati ya Manispaa. Ni maneno makavu, na kufikia saa hizo galari imekwisha kuwa tupu. Nakusihi usiondoke.

Kifungu cha 176 cha katiba kinasema kwamba kila serikali ya kaunti itagatua kazi na huduma zake kadiri inavyowezekana na inavyofaa. Kwa hiyo ugatuzi haukukusudiwa uwe safari ya kutoka Nairobi hadi Kilifi mjini, au hadi Wote, au hadi Kapenguria, kisha ukatua hapo. Ilikusudiwa uteremke: kaunti, kaunti ndogo, wadi, kijiji, na kwa upande wa miji, jiji, manispaa, mji mdogo. Jedwali la Nne la katiba, linapoorodhesha kazi za kaunti, linataja kilimo, afya, masoko, maegesho, chekechea, zimamoto. Na mwisho kabisa, katika nambari 14, linataja kazi ya kuhakikisha na kuratibu ushiriki wa jamii katika utawala wa mahali zinapoishi, na kuzisaidia zipate uwezo wa kujiendesha. Hiyo ni kazi ya kaunti sawasawa na kununua dawa. Kaunti ikishindwa kununua dawa tunapiga kelele. Ikishindwa kuunda mabaraza ya vijiji, kimya.

Sheria ya mwaka 2012 ilishaeleza namna. Bunge la kaunti ndilo linaloamua vijiji vitakuwa vingapi na mipaka yake ipite wapi. Kila kijiji kipate msimamizi wake, anayeajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Msimamizi huyo aongoze baraza lenye wazee wasiopungua watatu na wasiozidi watano, wanaoteuliwa kwa ushindani, wakiidhinishwa na bunge la kaunti, kwa kuzingatia usawa wa jinsia. Kazi ya baraza hilo ni kuhakikisha wanakijiji wanashiriki katika mipango, kufuatilia miradi, na kupeleka sauti juu. Ziko kaunti, Kitui ikiwa mojawapo, zilizowahi kuweka wasimamizi wa vijiji. Ziko nyingine ambazo mpaka leo mstari wa serikali unakatika kwenye wadi, na wadi ya mashambani yaweza kuwa kubwa kiasi kwamba msimamizi wake hawezi kuizunguka kwa pikipiki kwa siku nzima.

Mswada kama huo ukija mezani, mjadala huenda hivi. Anasimama mwenyekiti wa kamati kuutetea, anataja katiba, anataja umbali. Anasimama mwingine kuuliza fedha zitatoka wapi. Swali hilo ni halali, na silidharau. Kanuni za fedha haziruhusu kaunti itumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa mishahara, na kaunti nyingi zilishavuka kiwango hicho zamani. Tufanye hesabu ya haraka: nchi ina wadi 1,450. Kila wadi ikigawanywa katika vijiji vitano tu, tunahitaji wasimamizi 7,250, na wazee kati ya 21,750 na 36,250. Hata ukiwapa wazee posho ndogo, ni mzigo.

Lakini nimesikiliza mijadala ya aina hii kwa muda mrefu, na naamini fedha peke yake haielezi kwa nini miswada ya vijiji hulala. Sababu nyingine haisemwi wazi. Msimamizi wa kijiji ni mtu anayejulikana, anayelipwa, anayeonekana kila siku, na ajira yake inatoka upande wa gavana. Baada ya miaka mitano mtu huyo anaweza kugombea. Mwakilishi wadi anamwona kama mshindani anayeandaliwa kwa fedha za umma. Naye gavana anaona kwamba wazee wa baraza lazima wapite bungeni, na hataki orodha yake ikwame huko. Hivyo pande mbili zinazogombana kwa kila kitu zinakubaliana kimyakimya kuliacha hili lilale. Anayepoteza ni mwanakijiji.

Halafu yuko chifu. Tusisahau kwamba mashinani hakuko tupu. Kuna chifu, kuna naibu wa chifu, na chini yao kuna mzee wa kijiji aliyefanya kazi miaka na miaka bila mshahara, akisuluhisha ugomvi wa mipaka na kuandikia watoto wa watu barua za kuwatambulisha. Hao wanahesabiwa upande wa serikali ya kitaifa. Katiba, katika Jedwali la Sita, iliitaka serikali hiyo iupange upya utawala wa mikoa na wilaya ndani ya miaka mitano ili ulingane na mfumo wa ugatuzi na kuuheshimu. Miaka mitano ilipita mwaka 2015. Majina yalibadilika, mkuu wa wilaya akawa naibu kamishna wa kaunti, lakini ngazi zilibaki zilezile kuanzia juu hadi chini. Kwa hiyo mwanakijiji wa kawaida anajua serikali ya kitaifa inaishi nyumba gani, wala hajui serikali ya kaunti, anayoilipa ushuru kila siku ya soko, inaishi wapi.

Vuka mpaka pale Taveta uingie Holili, upande wa Tanzania, uone jambo tofauti. Huko kijiji ni mamlaka ya kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inatambua mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi mtu mzima, na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Mwenyekiti hapewi kazi na bodi yoyote, anapigiwa kura, na uchaguzi wa hivi karibuni ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Sisemi kwamba mambo huko ni mazuri matupu. Uchaguzi wa mwaka 2019 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na kijiji chenye mwenyekiti asiyepingwa hakina raha. Hata hivyo, kanuni yenyewe ninaionea wivu: mtu wa Holili ana haki kisheria ya kusomewa mapato na matumizi ya kijiji chake na mtu aliyemchagua. Mtu wa Taveta, hatua chache kutoka hapo, hana baraza la kuchagua chini ya wadi.

Kuhusu miji nina uchungu zaidi, na hapa nitachukua muda.

Kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 Kenya ilikuwa na serikali za mitaa 175: mabaraza ya jiji, ya manispaa, ya miji midogo na ya kaunti za zamani. Mji ulikuwa na madiwani wake, madiwani walimchagua meya, na karani wa mji alikuwa na ofisi unayoweza kuingia. Sina hamu ya kuyapamba mabaraza hayo. Mengi yaliandamwa na madeni na ubadhirifu, wafanyakazi walikaa miezi bila mishahara, na waziri wa serikali za mitaa aliyekaa Nairobi aliweza kuyavunja apendavyo. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume mpaka mwaka 1992, bila mkazi yeyote kupiga kura. Mabaraza ya kaunti za zamani nayo yalinyang'anywa shule za msingi, afya na barabara kwa sheria ya mwaka 1969, kisha watu wakashangaa kwa nini hayana kazi. Na kabla ya hapo kulikuwa na mabunge ya majimbo saba yaliyoundwa na katiba ya uhuru ya mwaka 1963, ambayo yalikuwa yamepokonywa mamlaka nchi ilipokuwa jamhuri Desemba 1964. Historia yetu ya serikali za mashinani ni historia ya kuundwa, kukatwa miguu, halafu kulaumiwa kwa kutotembea.

Mwaka 2013 mabaraza yote 175 yalikoma. Magari, majengo, wafanyakazi na madeni vikaingia kaunti. Wadi zikapata wawakilishi wapya wenye mamlaka ya kutunga sheria, jambo ambalo diwani wa zamani hakuwahi kuliota, na mgao kutoka Nairobi ukaanza kuteremka: shilingi bilioni 190 mwaka wa kwanza wa fedha, bilioni 415 katika mwaka wa 2025/26. Hayo ni mafanikio makubwa na ninayasema kwa moyo wote. Wako watu Mandera na Turkana walioona lami na chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza kwa sababu ya ugatuzi.

Ila mji wenyewe ulipoteza mahali pa kusemea. Tazama Nakuru. Bunge la kaunti ya Nakuru lina wawakilishi 55 wa kuchaguliwa. Jiji la Nakuru, kwa maana ya maeneobunge ya Nakuru Mjini Mashariki na Nakuru Mjini Magharibi, lina wadi 11. Ada za maegesho, kodi za viwanja na ushuru wa masoko ya mjini huingia kwenye hazina moja ya kaunti, kisha bunge hugawa. Wengi wa wawakilishi 44 waliobaki wana mashamba, mifugo na barabara za vumbi za kuwajibikia, na wana haki kabisa kuwapigania watu wao. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake: anayetoka Kuresoi hawezi kulijua bomba la majitaka la Kaptembwo kama anayeishi kando yake. Tazama Eldoret, iliyopata hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024: jiji limetawanyika katika sehemu za maeneobunge ya Turbo, Kapseret na Ainabkoi, hivi kwamba hakuna mwanasiasa mmoja wa kuchaguliwa anayeweza kusema Eldoret yote ni yake. Na tazama Malindi, mji wa karne nyingi, uliokuwa na baraza lake la manispaa. Uamuzi kuhusu soko lake sasa unafanywa katika bunge la kaunti ya Kilifi, lenye wadi 35, ambamo eneobunge la Malindi lina wadi tano.

Katiba ililiona tatizo hili. Kifungu cha 184 kiliagiza sheria ya miji, na Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ikapitishwa mwaka 2011. Iliruhusu manispaa ziwe na bodi na meneja wake, kwa hati inayotolewa na gavana baada ya bunge la kaunti kuidhinisha. Miaka ikapita, magavana hawakuwa na haraka ya kuunda bodi ambazo zingeshika fedha za miji. Kilichowasukuma hatimaye ni masharti ya fedha. Mpango wa Kusaidia Miji, uliogharamiwa na Benki ya Dunia kwa mkopo wa dola milioni 300, ulilenga miji 59 katika kaunti 45, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje, na ukadai kwamba mji usio na hati, bodi na meneja hautapata kitu. Ghafla hati zikaanza kutiwa saini. Mwaka 2019 sheria ikalegezwa: idadi ya watu inayohitajika kwa manispaa ikashuka kutoka 250,000 hadi 50,000, na kwa jiji kutoka 500,000 hadi 250,000.

Kwa hiyo leo tunazo manispaa nyingi. Tunazo mbao za majina, nembo, na taa za barabarani zilizojengwa kwa fedha zile, na taa hizo zimewasaidia akina mama wanaofunga vibanda usiku. Lakini bodi ya manispaa haichaguliwi na wakazi katika uchaguzi mkuu. Wajumbe wake huteuliwa upande wa gavana, wengine wakipendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, sekta ya jua kali na vyama vya mitaa, kisha bunge la kaunti huwahoji na kuwaidhinisha. Na bajeti ya manispaa hupita kwenye hazina ya kaunti. Meneja akitaka kukarabati lori la taka, anaandika barua makao makuu na kungoja.

Basi Jumatano ile, bunge linapoletewa orodha ya wajumbe wa bodi ya manispaa waidhinishwe, linashika kitu kizito sana. Ni mara moja tu ambapo mtu aliyechaguliwa na wananchi anapata nafasi ya kumuuliza mjumbe huyo: unaishi mji huu? Unalipa kodi ya kiwanja hapa? Jaa la taka lihamishiwe wapi? Kama kamati inamhoji mtu kwa dakika kumi, inamuuliza habari za vyeti vyake tu na kumpitisha, basi mji umepewa viongozi bila mtu yeyote kuwajua. Nimeona orodha za namna hiyo zikipita kwa sauti ya ndiyo, hakuna aliyesimama kuchangia. Hilo hunihuzunisha kuliko kelele zote za kung'oa magavana.

Nina mfano wa kututia moyo, na nautoa Makueni. Mwaka 2014 bunge la kaunti hiyo na Gavana Kivutha Kibwana waligombana juu ya bajeti mpaka serikali ikakwama na risasi zikalia makao makuu ya kaunti. Wananchi walikusanya sahihi wakitumia kifungu cha 192 cha katiba, wakaomba kaunti yao isimamishwe ili wachague upya. Tume iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga ilikubaliana nao. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuisimamisha kaunti. Wengi tulidhani Makueni imekwisha. Badala yake kaunti hiyo ilijulikana nchini kote kwa utaratibu wa kuwauliza watu kuanzia kijijini: wanakijiji wanakaa, wanataja miradi wanayoitaka, wanachagua wajumbe, wajumbe wanakutana kwenye kundi la vijiji, halafu wadi ndogo, halafu wadi, mpaka bajeti inapofika bungeni ina nyayo za watu. Mradi ukianza, kuna kamati ya wananchi ya kuukagua. Mwanakijiji anayejua bei ya saruji iliyotumika kujenga zahanati yake hadanganyiki kirahisi.

Ningepata nafasi mbele ya kamati, ningeomba mambo matatu kwenye mswada wa vijiji na kwenye hati za manispaa. Wazee wa baraza la kijiji wapendekezwe kwenye mkutano wa hadhara wa wanakijiji kabla msimamizi hajawateua. Sheria inasema wateuliwe kwa ushindani, na mkutano wa hadhara waweza kuwa ndio ushindani wenyewe. Sehemu ya mapato yanayokusanywa mjini itengwe kisheria ibaki na manispaa, bodi iitumie na kuitolea hesabu kwa wakazi kwenye vikao vyao ambavyo sheria ya miji tayari inavitaja. Na vijiji vianze kwa awamu, wadi zilizo mbali zaidi na barabara zikitangulia, ili hoja ya mishahara isigeuzwe kufuli.

Mswada ukishasomwa mara ya pili unakwenda kwenye Kamati ya Bunge Zima, ambako kila kifungu hupigiwa kura peke yake, na hapo ndipo marekebisho huingizwa. Kisha unasomwa mara ya tatu. Gavana ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha na sababu zake, na bunge laweza kuupitisha tena kwa theluthi mbili akitaka asitake. Kabla ya yote hayo, kamati lazima itangaze na kupokea maoni ya umma. Tangazo hutokea gazetini na kwenye ubao wa ofisi ya wadi, mara nyingi muda ukiwa umebaki siku chache. Maoni yako huhitaji karatasi moja tu: jina la mswada, nambari ya kifungu, unataka kibadilishwe kisemeje, kwa sababu gani. Mpelekee Karani wa Bunge la Kaunti, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Na galari ya umma haina kiingilio: kifungu cha 196 cha katiba kinalitaka bunge liketi hadharani, wala haliwezi kuwafungia nje wananchi au wanahabari bila Spika kueleza sababu nzito.

Muda uliobaki si mwingi. Mabunge haya ni ya tatu tangu mwaka 2013, yalichaguliwa tarehe 9 Agosti 2022, na uchaguzi mwingine umepangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027. Mswada wowote ambao haujakamilika bunge linapofikia mwisho wake hufa nalo, na wa kijiji chako, kama uko mezani, utalazimika kuanza upya kwa kusomwa mara ya kwanza mbele ya wawakilishi wengine.